Tuhamie au Tusihamie? Kufundisha Uamuzi wa Kubadili Mfumo Endeshi wa Kompyuta

1. Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wake uitwao Windows 10. Kwa watu wengi wa Dar es Salaam siku hiyo ilipita kama siku nyingine. Mashine ziliwaka asubuhi, barua zikapigwa chapa, na katika steshenari za Kariakoo foleni ya watu wa kutoa nakala haikupungua. Chuoni kwetu pia hapakutokea kishindo. Hata hivyo, juma lililofuata mwanachuo mmoja alisimama darasani akatuuliza: “Mkufunzi, kompyuta imeniandikia kwamba naweza kuhamia mfumo mpya bila malipo. Je, nikubali?”

Tulimjibu mara moja: “Kubali. Cha bure hakikataliwi.” Darasa likacheka, nasi tukaendelea na somo la siku hiyo.

Jibu lile lilikuwa baya. Lilikuwa baya kwa sababu hatukumwuliza mwanachuo anatumia mashine gani, anaifanyia kazi gani, na ameweka nini ndani yake. Zaidi ya hayo, tulimpa uamuzi badala ya kumfundisha namna ya kuamua. Makala haya yanaeleza madhara yaliyotokana na pupa yetu, mambo ambayo mwalimu hana budi kuyafahamu kuhusu suala hili, na somo la vipindi vinne tulilolitayarisha baadaye. Tunatumaini kwamba wakufunzi wenzetu watalijaribu, watalisahihisha, na kulifaa zaidi kwa mazingira yao.

2. Kosa letu

Chuo chetu kina chumba chenye kompyuta kumi na mbili. Nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, maana ndizo bajeti inazoziweza. Tulipozikagua tuliona kwamba tano zilifaa kupokea Windows 11, na saba zilikataliwa. Badala ya kutulia na kuuliza sababu, tulichukua mbili kati ya zile saba tukaenda nazo Kariakoo, kwa fundi aliyetuambia kwamba anaweza kuzilazimisha.

Ni haki kusema kwamba fundi yule alituuliza swali lililotakiwa. Kabla hajachomeka fleshi yake alituambia, “Mwalimu, humu ndani kuna kitu cha kutunza?” Sisi, tukiwa tumesimama jua kali na kelele za wapiga debe masikioni, tulijibu, “Hakuna, piga tu.” Naye akapiga Windows, kama wasemavyo mafundi, akatoza shilingi elfu kumi kwa kila mashine.

Tuliporudi chuoni tuligundua kwamba moja ya mashine hizo ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu za tathmini za mazoezi ya kufundisha za wanachuo wa mwaka wa pili. Diski yote ilikuwa imefutwa. Ilitubidi kuzunguka katika shule walikofanyia mazoezi, tukiomba nakala za karatasi kwa walimu wakuu. Nyingi zilipatikana. Za mwanachuo mmoja hazikupatikana, naye alilazimika kusimamiwa upya katika somo ambalo alikwisha kulifundisha vizuri. Hakulalamika mbele yetu, lakini tuliona aibu.

Isitoshe, baada ya siku chache mashine zote mbili zilianza kuandika kwenye kioo kwamba mfumo haujathibitishwa kuwa na leseni. Hivyo tulipoteza kumbukumbu, tulipoteza fedha, na tulirudi chuoni na kitu kisichokuwa halali yetu. Wahenga wanasema “rahisi ghali”. Sisi tuliufundisha msemo huo kwa miaka mingi kabla ya kuusikia.

3. Maana ya maneno

Katika somo lolote la ufundi, machafuko mengi hutokana na maneno kutumiwa ovyo. Mwalimu aanze kwa kuyapambanua maneno yafuatayo.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Ndiyo inayoamua nani atumie kumbukumbu, faili likae wapi, na karatasi ipelekwe printa gani. Tukiilinganisha kompyuta na shule, programu ya kuandikia ni kama mwalimu wa somo, na mfumo endeshi ni kama mwalimu mkuu pamoja na ratiba yake.

Kusasisha ni kutia marekebisho katika mfumo ule ule. Kuhama ni kuacha mfumo mmoja au toleo moja na kuchukua jingine. Mtu anayesasisha anaziba nyufa za nyumba yake. Anayehama anafunga mizigo. Mambo haya mawili yana hatari tofauti, na wanachuo wengi huyaita kwa jina moja.

Bure ni kutotozwa bei. Huru ni kuwa na ruhusa ya kuutumia mfumo, kuufungua, kuuchunguza, kuubadili na kuwagawia wengine. Windows 11 hutolewa bure kwa mwenye Windows 10 halali katika mashine inayofaa, lakini si huru. Linux kwa kawaida hupatikana bure na pia ni huru. Ile nakala tuliyopigiwa Kariakoo haikuwa bure wala huru. Ilikuwa ya kuvunja kufuli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, na mwalimu anayekataza wanafunzi kuibia mtihani hana budi kulikumbuka hilo.

4. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

(a) Kwa nini mfumo hufikia kikomo

Mfumo endeshi una mamilioni ya mistari ya maagizo iliyoandikwa na binadamu, na kwa hiyo una makosa. Kila mwezi makosa mapya hugunduliwa, na mtengenezaji hutoa viraka. Akikoma kutoa, mashine haizimiki. Inaendelea kufanya kazi kama jana, na hapo ndipo mtumiaji hudanganyika. Matundu yanayogunduliwa baada ya siku hiyo hubaki wazi, na wanaoyafahamu huongezeka.

Mfano mzuri wa kufundishia ni ule wa programu haribifu iliyoitwa WannaCry. Ilianza kuenea tarehe 12 Mei 2017 na kuingia katika nchi zaidi ya 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Katika Uingereza hospitali kadhaa zililazimika kuahirisha huduma kwa wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huo, karibu miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukitia, pamoja na wale waliokuwa wakitumia mifumo ya zamani iliyokwisha achwa.

Windows 10 si ya kwanza kuachwa. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza ya viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Nyongeza hiyo ni muda wa kujiandaa.

(b) Masharti ya Windows 11

Windows 11 ilitolewa tarehe 5 Oktoba 2021. Inataka kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, isiyopungua gigabaiti 4. Nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64. Na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Juu ya hayo, kichakato cha mashine hakina budi kuwemo katika orodha iliyoidhinishwa na kampuni. Kwa vichakato vya Intel orodha hiyo, isipokuwa vichache, inaanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017.

Sharti hili la mwisho ndilo linaloziangusha kompyuta nyingi za mtumba. Mashine inaweza kuwa na kumbukumbu ya kutosha na diski kubwa, na bado ikakataliwa kwa umri wa kichakato chake. Kuilazimisha kunawezekana, lakini kampuni haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata viraka, na viraka ndivyo vilivyotufanya tutake kuhama.

(c) Linux

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Hutolewa kwa sura nyingi. Mojawapo ni Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Wanachuo wetu walifurahi kutambua kwamba neno ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kukitumia kipengele hicho kuonyesha shina moja la lugha za Kibantu.

Ubuntu toleo la 24.04, la Aprili 2024, liliahidiwa marekebisho ya bure kwa miaka mitano, yaani hadi 2029. Linapendekezewa gigabaiti 4 za kumbukumbu na gigabaiti 25 za diski. Zipo pia sura nyepesi zaidi kwa mashine dhaifu, kama vile Xubuntu, Lubuntu na Linux Mint ya Xfce. Kwa kuandikia na kupigia hesabu hutumika LibreOffice, nayo ni huru.

(d) Gharama ya kitu cha bure

Mfumo wa bure una gharama zake, na mwalimu azitaje waziwazi. Ipo gharama ya bando, kwa maana kupakua mfumo mmoja kunaweza kula gigabaiti tano au zaidi. Ipo gharama ya umeme, kwa maana ukikatika katikati ya kazi ya kuhama mashine inaweza kubaki si ya huku wala si ya kule. Zipo printa za zamani zisizoelewana na mfumo mpya, na programu za hesabu za madukani zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake. Mwisho ipo gharama ya kujifunza upya, ambayo hulipwa na mtumiaji mwenyewe kwa muda wake.

5. Mafunzo kutoka historia yetu

Suala la kupokea au kutopokea mashine mpya si geni nchini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamisha hesabu za Serikali kutoka mikononi kwenda kwenye mashine ilikwenda vibaya, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wapo wanaolicheka agizo lile leo. Sisi tunaona afadhali lifundishwe kama tukio la kujadiliwa: je, kosa lilikuwa la chombo, au la kuhamia chombo kabla ya kuandaa watu wa kukitumia na kukihudumia? Wanachuo wakilijadili swali hilo vizuri, wamekwisha kufika katikati ya somo letu.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2004 mradi ulioitwa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu huru ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Tafsiri hiyo iliwezekana kwa sababu programu ilikuwa huru; hapakuwa na kampuni ya kuombwa ruhusa. Lakini kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isipopata watu wa kuiendeleza huachwa nyuma. Tunajifunza hapa kwamba kitu huru pia huhitaji wa kukitunza.

6. Mpango wa somo

Somo hili ni la vipindi vinne pacha, kila kimoja dakika 80. Shabaha yake ni kwamba mwanachuo aweze kutoa uamuzi wa maandishi kuhusu mashine fulani, wenye sababu zinazoweza kupingwa na mtu mwingine. Shabaha si kumfanya mwanachuo aipende Windows au Linux.

Kipindi cha kwanza: kazi kabla ya mashine

Wanachuo hugawanywa wawili wawili na kupelekwa Kariakoo. Kabla ya kwenda hufundishwa adabu ya uchunguzi: wasalimie, wajitambulishe, waombe ruhusa, wasipige picha kioo cha kompyuta ya mtu, na wasimzuie mfanyabiashara wakati ana wateja. Tuliwashauri kila wawili waende na karatasi moja ya kutoa nakala, ili wamwone mwenye steshenari kwanza kama wateja. Maswali ni matatu tu: Kompyuta hii inakufanyia kazi gani? Ikiharibika leo, utapoteza nini? Mara ya mwisho nani aliigusa mfumo wake, na alifanya nini?

Waliozunguka Mtaa wa Uhuru, Msimbazi na Kongo walirudi na majibu yaliyowashangaza. Wengi walipoulizwa wanatumia mfumo gani walitaja jina lililoandikwa kwenye ganda la mashine. Mama mmoja mwenye steshenari aliwaambia, “Wanangu, mimi najua ikiwaka inaandika, ikigoma namwita fundi.” Lakini mama huyo huyo, alipoulizwa atapoteza nini, alitaja bila kusita: barua za maombi ya kazi za watu, mitihani ya shule mbili za jirani, na nakala za vitambulisho ambazo wateja huzituma kwa simu. Wanachuo waliona hapo kwamba mtu anaweza asijue jina la mfumo wake na bado akajua thamani ya kazi yake kuliko fundi yeyote.

Kipindi cha pili: kukagua na kutunza

Kila kundi hupewa mashine moja ya chuo na kuifungulia ukurasa katika daftari. Huandika kizazi cha kichakato, ukubwa wa kumbukumbu, nafasi ya diski, mfumo uliomo na toleo lake, printa inayotumika, na programu zisizoweza kuachwa. Kwa Windows 11 ipo programu ndogo ya Microsoft yenyewe inayopima na kutaja sababu ya mashine kukataliwa. Wanachuo wasiridhike na neno “haifai”, waandike sababu.

Kisha hutoa nakala rudufu ya mafaili yote kwenye diski ya nje. Hapa mwalimu awe mkali. Nakala haihesabiwi mpaka ifunguliwe kwenye mashine nyingine na mafaili matatu yasomwe. Katika darasa letu kundi moja lilifunga kazi mapema likijisifu. Walipoambiwa wafungue, folda ilikuwa na majina ya mafaili ya njia ya mkato tu, na mafaili yenyewe yalikuwa yamebaki kwenye mashine ya awali. Kosa hilo lilifundisha kuliko maneno yetu yote.

Kipindi cha tatu: kujaribu bila kuhama

Linux ina sifa moja inayomfaa sana mwalimu: inaweza kuwashwa kutoka kwenye fleshi bila kuandika chochote kwenye diski ya mashine. Ukiizima na kuitoa fleshi, mashine inarudi kama ilivyokuwa. Ni kama kulala wageni kabla ya kupanga chumba. Tahadhari ni moja: wanachuo wasibonyeze mahali palipoandikwa kusakinisha.

Tuliziwasha kwa njia hii zile mashine saba zilizokataliwa. Sita ziliwaka na kutumika vizuri. Moja yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu ilijikokota hata ikawachosha wote. Wanachuo walipewa orodha ya kazi za mwalimu: kuandika andalio la somo lenye jedwali, kupanga alama za wanafunzi, kufungua mtihani ulioandikwa kwenye Windows, kuchapisha, na kuonyesha picha ukutani. Printa moja ilitambuliwa papo hapo na nyingine haikutambuliwa kabisa. Mtihani ulifunguka, lakini jedwali lake lilisogea na mwandiko ukabadilika, kiasi kwamba swali moja lilihamia ukurasa wa pili. Yote haya yaliandikwa daftarini, mazuri na mabaya.

Kipindi cha nne: mjadala na uamuzi

Tuliandika ubaoni mifano mitatu, tuliyoitunga kutokana na ziara ya Kariakoo: steshenari yenye kompyuta moja, duka la vitenge lenye programu ya hesabu inayotegemea Windows, na shule ya msingi iliyopewa msaada wa kompyuta kumi kuukuu. Kila kundi lilitakiwa kutoa uamuzi, na kundi jingine kuupinga.

Mjadala wa steshenari ndio uliokuwa moto. Mwanachuo mmoja aliyewahi kumsaidia mjomba wake dukani alisema, “Mteja akileta faili na jedwali likasogea, hatarudi tena. Usalama wa kesho haumlishi mtu leo.” Mwenzake akamjibu, “Lakini kwenye mashine ile hamna mali ya mjomba wako tu. Mna vitambulisho vya watu. Vikiibiwa, anayelia si yeye.” Tuliutumia wasaa huo kueleza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa wajibu yeyote anayekusanya taarifa za watu, na kwamba orodha ya alama za wanafunzi ni taarifa za watu vilevile.

Hatimaye darasa liliamua hivi. Steshenari ibaki na Windows kwa sababu ya mafaili ya wateja: mashine ikifaa ihamie Windows 11 siku isiyo ya kazi, baada ya nakala, isipofaa ijiandikishe katika nyongeza ya viraka na mwenyewe aanze kuweka akiba, na vitambulisho vya wateja vifutwe kila jioni. Duka la vitenge lisihame mpaka aliyeliuzia programu ya hesabu athibitishe kwa maandishi kwamba itafanya kazi. Wakati wa kusubiri, mashine hiyo isiunganishwe na intaneti ila kwa lazima. Shule ihamie Linux, mradi mwalimu mmoja angalau afunzwe kabla, wala si baada.

Majibu ni matatu kwa swali moja. Mwalimu asihofu hali hiyo. Kazi zikiwa tofauti, uamuzi pia utakuwa tofauti.

7. Tuliyoyaamua sisi, na pingamizi lililotolewa

Kuhusu mashine za chuo, tano zilihamia Windows 11 kwa njia halali. Sita zilitiwa Linux, zikiwamo zile mbili za Kariakoo baada ya kufutwa ile nakala isiyo halali. Ile dhaifu tuliifungua, na sasa hutumika kufundishia sehemu za ndani za kompyuta.

Baadhi ya wenzetu walipinga. Walisema mwalimu mpya atakuta Windows katika shule nyingi, kwa hiyo kumfunza Linux ni kumpotezea muda. Hoja hii ina uzito, na kwa sababu yake hatukuziondoa zile tano. Lakini tuliona jambo moja: mwanachuo aliyefunzwa mfumo mmoja hukariri mahali pa kubonyeza, na pakihamishwa hupotea. Aliyetumia miwili hutafuta kazi anayotaka kuifanya, kisha akauliza mfumo huu unaiitaje. Huyu wa pili hatatishwa na toleo lijalo.

Hatutaki kuficha ugumu. Sisi wenyewe tulitumia karibu juma zima kabla ya mikono kuizoea Linux, na ile printa isiyotambuliwa bado inatumiwa kwenye mashine za Windows peke yake. Wapo wanachuo ambao hadi leo hukimbilia zile tano kila mlango unapofunguliwa.

8. Hitimisho

Wahenga walitufundisha tusiache mbachao kwa msala upitao. Mithali hii humfaa anayetaka kuhama kwa sababu tu ameambiwa ni bure. Lakini haimfai anayekataa kuhama kwa woga, maana mbacha wenyewe unaweza kuwa umekwisha kutoboka, na aliyekuwa akiushona ameondoka.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu wafuate utaratibu huu: waanze na kazi, wafuatie na ukaguzi wa mashine, watoe nakala na kuzifungua, wajaribu mashine moja, kisha ndipo waamue na kuandika sababu. Utaratibu huu hauhitaji fundi mkubwa. Unahitaji daftari, fleshi, diski ya nje na subira.

Mwanachuo yule aliyesimamiwa upya kwa kosa letu alikuwamo katika darasa la somo hili. Katika kipindi cha nne kundi lake lilipoitwa ubaoni kuandika uamuzi, yeye ndiye aliyeshika chaki. Mstari wa kwanza aliandika: “Kabla ya yote, mwulize mwenye mashine kuna nini ndani, na usikubali jibu la haraka.” Hatukuwa na la kuongeza.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kusasisha na kuhama. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka katika shule unayoifahamu.

2. “Mashine inawaka vizuri, kwa hiyo hakuna tatizo.” Jadili kauli hii kwa kutumia tukio la mwaka 2017.

3. Shule yako ina kompyuta moja, nayo ndiyo inayotunza alama za wanafunzi wote. Imekataliwa na Windows 11. Andika uamuzi wako katika ukurasa mmoja, ukitaja nani atafanya nini na siku gani.

4. Je, mwalimu ana haki ya kutumia nakala ya programu isiyo halali ikiwa shule haina fedha? Gawanyeni darasa pande mbili mjadiliane.

5. Agizo la mwaka 1974 lina funzo gani kwa mwalimu anayepokea msaada wa kompyuta leo?